Uzuri wa meza haufuti dhulma

Je, kitu kizuri kilichotokana na dhulma huwa kimetakasika pindi waliodhulumu na waliodhulumiwa wanapokuwa wote wameshakufa? Suala hili lilizuka barazani kwetu baada ya ndugu mmoja kutuonesha picha ya meza ya kale iliyokuwa ikinadiwa Uingereza. Wapo waliosema kuwa mti hauna dhambi. Ni kweli, mti hauna dhambi. Lakini hilo halimalizi mjadala, kwa sababu hakuna aliyeushitaki mti.

Kwanza tuifahamu meza yenyewe. Ni ya aina iliyokuwa ikitengenezwa Kingston, Jamaica, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kisiwa hicho kikiwa koloni la Waingereza. Fundi anayetajwa zaidi kwa kazi hizo ni Ralph Turnbull. Uso wa meza hutiwa njumu ya vipande vya miti mbalimbali ya kisiwani, vyeusi, vyekundu na vya manjano, vikapangwa kwa ustadi mpaka mtu hukiona kiungo kwa taabu. Baadhi ya kazi zake zingali na karatasi yenye jina lake. Leo wanaouza samani hizo hutaja jina la fundi na aina za miti, na kwa majina hayo bei hupanda.

Swali la kujiuliza ni hili: mbona hatuwasikii waliokata miti hiyo, wakaiburuta na kuipasua mbao? Jamaica ya wakati huo iliendeshwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika, mashambani, misituni na hata mijini. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833. Sheria ikaanza kazi 1834, lakini walioitwa huru wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi Agosti 1, 1838. Zikatengwa pauni milioni 20 za fidia. Nani alilipwa? Alilipwa aliyemiliki watu! Waliomilikiwa hawakupata hata senti.

Na tusidhani kuwa hao walikuwa watu wasio na elimu wala dini. Miongoni mwao alikuwemo Abu Bakr as-Siddiq, mzaliwa wa Timbuktu, kijana wa ukoo wa wanazuoni, ambaye mwaka 1834 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu akiwa huko huko Jamaica. Alikuwemo pia Muhammad Kaba, aliyeacha maandishi ya Kiarabu yanayohusu sala. Hawa tunawajua kwa kuwa waliandika. Maelfu wengine hawakuacha karatasi. Walichoacha ni kazi ya mikono yao, nayo ina jina la mtu mwingine.

Wanazuoni wetu walilijadili suala la mbao ya kuporwa karne nyingi kabla ya meza hiyo. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika misikiti ya mwambao wetu, hukumu ni kuwa mbao iliyoporwa na kujengewa hung'olewa ikarejeshwa kwa mwenyewe. Ikiwa imetiwa katika chombo kilicho baharini, na kuing'oa kutahatarisha roho au mali ya watu, husubiriwa. Kwa Mahanafi, mbao ikishajengewa, mporaji hulipa thamani yake. Wamekhitalifiana katika namna ya kulipa. Lakini hakuna aliyesema kuwa kwa vile nyumba imependeza, basi haki ya mwenye mbao imekwisha.

Jasho ni gumu kuliko mbao, kwani halina pa kung'olewa. Ndiyo maana onyo lake ni zito. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah (S.W.) Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na yumo aliyemtumikisha mtu kazi akaikamilisha, kisha asimpe ujira wake.

Atasema mtu: anayeinunua meza hiyo leo hakumdhulumu yeyote, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Kweli kabisa. Wala sisemi meza ichomwe moto. Kuichoma ni kumuua shahidi pekee aliyebaki. Ninachosema ni kuwa mwenye kuirithi hana mzigo wa dhambi, ila ana wajibu wa ukweli. Asiisimulie meza kama kwamba iliota yenyewe kutoka karakana ya bwana mmoja.

Tena ndugu zangu, tusinyooshe kidole Uingereza tu. Unguja na Lamu kuna viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa pembe, nasi tunajivunia. Pembe za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria 1897. Huko nako fidia ilikwenda kwa mabwana, na mabwana hao wengi walikuwa wakisimama katika safu za sala. Dhulma haibadiliki jina kwa sababu aliyeifanya ana kanzu.

Wala jambo hili si la wafu pekee. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya biashara ya magogo kusini mwa Tanzania, ikionesha namna wanavijiji walivyoambulia sehemu ndogo mno ya thamani ya miti yao huku mapato ya umma yakipotea. Mninga huo uliishia kuwa vitanda, makabati na meza za watu, wakiwemo wanaoswali. Na katika karakana za miji yetu wapo vijana wanaopiga msasa kutwa nzima, jioni wakiambiwa na tajiri, "Njoo kesho."

Kwa watumwa wa Jamaica tumechelewa, hesabu yao iko kwa Mola wao. Kwa kijana wa msasa hatujachelewa. Kabla hujaisifu meza ya sebuleni kwako, muulize aliyekuuzia mbao imetoka wapi, na aliyeiranda amelipwa lini. Ukiona anababaika, usiharakishe kutoa pesa.