Mgeni Aliyemfuata Amanda Kila Shule

Amanda Todd, binti wa Port Coquitlam nchini Kanada, alikuwa darasa la saba alipoanza kuongea na watu asiowajua kupitia kamera ya kompyuta. Walimsifu uzuri wake. Mmoja akamshawishi afunue kifua, naye akafunua. Picha ikanaswa.

Muda ukapita, kisha ukaja ujumbe: ajionyeshe tena, la sivyo picha itasambazwa. Mwandishi wake alijua anakoishi, anakosoma na ndugu zake ni akina nani. Picha ikasambazwa kweli. Amanda akahama shule. Mtu yule akajifanya mwanafunzi mgeni kwenye Facebook, akaomba urafiki kwa wenzake wapya, akawatumia picha ile ile.

Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Akaunti isiyo na mwenyewe iliwafikia vijana wengi, wakaipokea, wakaitazama picha, wakamgeuzia kibao msichana. Akawa anakula peke yake. Akapigwa. Akaanza kujidhuru. Tabu iliyomfuata mtoto shule hadi shule ilitosha kuonyesha kwamba kuna mtu mzima nyuma yake, lakini walimwengu waliona aibu ya Amanda tu.

Septemba 2012 alisimulia yote kwenye video, kwa kuonyesha karatasi alizoandika. Tarehe 10 Oktoba alijiua, akiwa na miaka 15. Mwaka 2022 mahakama ya Kanada ilimtia hatiani Aydin Coban, raia wa Uholanzi aliyetumia akaunti 22 za uongo, ikamhukumu kifungo cha miaka 13.

Ndugu msomaji, mimi nawe tunaweza kupitwa na dalili hizi hizi. Mtoto akificha simu tunapoingia, tunasema ni ujana. Akichukia shule ghafla, tunamwita mvivu. Na akithubutu kusema, tunamfokea kwanza na kumnyang'anya simu. Mtishaji anautegemea ukali wetu huo, maana mtoto anayemwogopa mzazi atanyamaza na kutii.

Tuwaambie watoto leo, kabla jambo halijatokea: ukitishwa, njoo, hata kama ulikosea, hutapigwa. Usitume picha nyingine wala pesa. Usifute ujumbe, maana ndio ushahidi wa kupeleka polisi. Kwa Tanzania na Kenya, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na mzazi pia anaweza kuipiga.