Je, Mama Ndiye wa Kulaumiwa?

Wahenga walituachia methali nyingi juu ya malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilizifundisha methali hizi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika shule za msingi, na baadaye katika chuo cha ualimu nilichokiongoza hadi nilipostaafu mwaka 2010. Niliziandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, na wanachuo wakazinakili. Sikupata kujiuliza hata siku moja kwa nini zote tatu humnyoshea kidole mlezi, na mlezi huyo kwa kawaida huwa ni mama. Swali hilo nilifundishwa na mke wangu, ambaye aliishia darasa la nne.

Sisi tunakaa Mnazi, chini ya milima ya Usambara, upande wa nyika inayoelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya. Huku kwetu ni joto na mkonge. Mlimani ni baridi na migomba. Watu wamechanganyika. Walutheri walifungua misheni Mlalo mwaka 1891, Wakatoliki wakajenga Gare mwishoni mwa karne hiyohiyo, na Uislamu ulikwisha kupanda mlimani pamoja na watu wa pwani kabla yao. Kisha mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka pande nyingi. Katika ukoo mmoja utamkuta Mwislamu, Mlutheri na Mkatoliki wakila sinia moja. Tumezikana na tumechangiana harusi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinielewe vibaya: ninayoyasimulia si ugomvi wa dini na dini. Ni habari ya mama na dhamiri yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifananisha familia na kanisa dogo la nyumbani. Mke wangu hakuisoma hati hiyo, lakini aliitekeleza. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, watoto wetu watano walipiga magoti kwa rozari. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwakaribisha majirani kusali katika sebule yetu. Mimi nilikuwa msimamizi wa nidhamu. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi.

Mwaka 2004 binti yetu wa tatu alituletea habari kwamba anaolewa na kijana Mwislamu, fundi seremala, mtu mpole. Kanisa halifungi mlango kabisa kwa ndoa ya namna hiyo. Askofu anaweza kutoa ruhusa, na yule Mkatoliki huahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe. Kabla ya mwaka 1970 ahadi hiyo ilidaiwa kwa wote wawili. Lakini binti yetu alikwisha kuzungumza na wakwe zake, akajua kwamba watoto hawatabatizwa. Akakataa kuahidi. Alituambia, "Mama ndiye aliyenifundisha nisitoe ahadi nisiyoweza kuitimiza." Basi wakafunga ndoa bomani, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na tangu siku hiyo binti yetu hapokei Komunyo.

Mimi sikwenda. Nilisema nina kikao chuoni. Kikao hakikuwapo.

Mke wangu alipanda basi la alfajiri liendalo Lushoto, na doti ya khanga na sufuria mpya mkononi. Aliporudi jioni hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, nimemwona. Tumelia wote wawili. Sasa njoo tusali." Nikapiga magoti nikiwa na uongo wangu mfukoni.

Baada ya hapo kina mama wenzake walikuja kumpa pole, kana kwamba tumefiwa. Walikuja kwa mapenzi, sina shaka. Lakini kila mmoja, kwa namna yake, aliuliza jambo lilelile: "Mama, ulikosea wapi?" Akalibeba swali hilo kwa miaka. Usiku nilimsikia akilirudia. Labda alimpeleka mtoto mjini mapema. Labda rozari ilikuwa ndefu mno, au fupi mno.

Kisha ikawa mwaka 2011. Mwanetu wa kwanza, aliyetumikia altareni tangu utoto na kufunga ndoa kanisani kwa vigelegele, alimwacha mkewe na watoto watatu, akaenda kukaa na mwanamke mwingine. Hakuwapelekea watoto hata kilo ya unga. Jumapili aliendelea kuonekana kanisani, na michango ya ujenzi alitoa. Tulingoja watu waje kutupa pole. Hakuja hata mmoja.

Hapo ndipo mke wangu aliponiuliza swali ambalo hakuna mwanachuo aliyepata kuniuliza. "Mwalimu, kwa binti waliniuliza nilikosea wapi. Kwa huyu mbona hawaniulizi? Wote nimewazaa mimi, wamelala chumba kimoja, wamesali rozari moja."

Nilikaa kimya, maana jibu nilikuwa nalo tangu zamani ila sikuwahi kulileta nyumbani. Kila mwalimu analijua. Unaingia darasani na somo moja, chaki moja, sauti moja. Mmoja analichukua somo, wa pili analitupa, wa tatu analirudia baada ya miaka ishirini kwa njia usiyoitegemea. Samaki hachagui namna ya kukunjwa, bali mtoto huchagua. Na imani isiyochaguliwa ni desturi tu. Kanisa lenyewe, mwaka 1965, lilitamka kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya imani. Tunawezaje basi kumlaumu mama kwa kushindwa kufanya jambo ambalo Kanisa limesema lisifanywe na yeyote?

Msomaji ataniuliza: je, ina maana mzazi hana lawama? La hasha. Nimewaona wazazi waliompeleka bweni mtoto wa miaka sita ili wengine wawalelee, na ninawaona wa siku hizi wanaomnyamazisha kwa simu ili wapate kupumzika. Mzazi ataulizwa alichotoa: muda wake, mfano wake, ukweli wake. Ninachokataa ni kumpima kwa kile ambacho mtu mzima mwingine amekiamua. Tena ninakataa kipimo chetu cha upofu, kinachomhesabu aliyesema kweli kuwa amepotea, na aliyetelekeza watoto kuwa yumo, kwa sababu jina lake lipo katika daftari.

Kina mama Wakatoliki hupenda kumtaja Mtakatifu Monika. Alikuwa Mwafrika wa Tagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Mwanawe Augustino alimdanganya huko Karthago, akapanda merikebu usiku na kumwacha mama akisali. Monika akamfuata ng'ambo ya bahari. Augustino akabatizwa Milano wakati wa Pasaka mwaka 387, na mama akafariki mwaka huohuo. Husimuliwa kama ahadi: lia vya kutosha, naye mtoto atarudi. Mke wangu hapendi isimuliwe hivyo. Anasema, "Na kama merikebu yake ingezama njiani, angekuwa mama mbaya?"

Sisemi kwamba ametulia. Krismasi binti yetu huja na watoto wake, na bibi yao anapokwenda misa, wao hubaki chini ya mwembe. Hugeuka kuwatazama mara moja kabla ya kukata kona. Idi ikifika, huwapikia. Machozi yapo, na sala zipo. Kilichoondoka ni lile swali la ulikosea wapi.

Mwaka jana nilimwita binti yetu barazani. Nilimwambia kwamba siku ile ya bomani hakukuwa na kikao chochote. Alinitazama, akasema, "Nilijua, Baba. Mama hakuniambia. Nilijua tu." Kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliandika ubaoni kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika nyumba yangu aliyesema uongo alikuwa mwalimu, na kwa hilo wa kulaumiwa si mama.