Saa Yangu ni ya Nani?
Likizo ya kiangazi nilirudi nyumbani Kamembe na nia moja tu: kusoma riwaya nikilitazama Ziwa Kivu. Kila asubuhi mama alivuka mpaka kwenda Bukavu kuuza sambaza. Kuchota maji ilikuwa zamu yangu. Siku moja nilijificha na kitabu hadi jioni. Niliporudi, madumu yote yalikuwa yamejaa. Mdogo wangu aliyabeba, wala hakumwambia mama.

Niliamini muda wa likizo ni mali ya mtu binafsi. Kumbe kurasa zangu arobaini alizilipia yeye. Wengine watasema huo ni msaada wa kindugu. Msaada huombwa, mimi sikuomba, nilichukua. Nilipomtaka radhi, aliniuliza hadithi iliishaje. Sikuwa nimefika mwisho.