Je, Mkristo Ajifunze Kupigana kwa Kweli?



Vijana wenzangu, sisi tunaofanya judo au karate tunaulizwa sana kwenye jumuiya: "Hivi wewe Jumapili unapokea Komunyo, halafu Jumatatu unaenda kujifunza kumkaba mtu shingo?" Wengi tunajibu, "Ah, ni mazoezi ya mwili tu." Hapo tunakwepa swali. Ukijifunza kujihami, unajifunza kumwumiza mtu. Tuseme ukweli.

Kanisa halikatazi kujihami. Katekisimu (na. 2263–2265), ikimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, inafundisha kwamba ni halali kulinda uhai wako hata kama anayekushambulia ataumia. Kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine, kuwalinda kunaweza kuwa wajibu mzito. Ila kuna sharti: usitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Ukizidisha, umetenda kosa.

Ndiyo maana naona namna tunavyofanya mazoezi ni suala la dhamiri pia. Kuna mahali mwenzako anakunyooshea mkono taratibu, anasimama kama sanamu, nawe unamwangusha kwa madoido. Kwenye video inapendeza. Lakini mtaani mtu anakutukana, anakusukuma, anakuvuta shati, na moyo wako unakwenda mbio. Ambaye hajawahi kuonja hali hiyo anaweza kuganda, au akapiga ovyo mpaka watu waje wamtoe. Atajuaje kiasi cha nguvu zake, wakati hajawahi kuzitumia akiwa na hofu?

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo jijini Tokyo mwaka 1882, alilielewa jambo hili. Mbinu za hatari zaidi, kama ngumi na mateke, aliziweka kwenye kata, yaani mazoezi yaliyopangwa. Mbinu za kuangusha, kubana chini na kukaba akaziruhusu kwenye randori, mazoezi huru ambamo mwenzako anakataa kweli kweli kuangushwa. Alipunguza hatari ili watu waweze kutumia nguvu zao bila kuuana.

Na kuna sheria moja: aliyekabwa akigonga mkeka au mwili wako kwa kiganja, unaachia papo hapo. Hebu fikiria. Jasho linakutoka, umepania kushinda, na bado lazima umsikie mwenzako. Hicho ndicho kiasi, ile fadhila tuliyofundishwa pamoja na busara, haki na nguvu. Na fadhila hujengwa kwa kurudia tendo jema mpaka likuingie mwilini.

Utaniuliza: na shavu la pili je? Neno lile la Bwana silipunguzi hata kidogo. Lakini kugeuza shavu ni tendo la hiari. Aliyeganda kwa hofu hana kosa, ila hajageuza shavu, amepigwa tu. Anayeweza kurudisha na akaamua kutorudisha, huyo ametoa sadaka. Na kama anayepigwa ni mdogo wako, shavu hilo si lako kulitoa.

Basi tufanye mazoezi ya kweli, kwa hatua. Anzeni polepole. Kisha mwenzako aongeze ukinzani, halafu ashambulie bila kukuambia atakuja vipi, mkiwa mmevaa glavu na vikinga meno, mwalimu akiwepo. Igizeni pia ugomvi wa maneno, na anayefanikiwa kuutuliza au kuondoka zake ahesabiwe kuwa ameshinda.

Kuna kishawishi, jamani, wala tusikifiche: kumweza mtu kunanoga. Kwa hiyo usiku wa siku ya mazoezi, unapotafakari dhamiri kabla ya kulala, ongeza swali hili: mwenzangu alipogonga, niliachia mara moja, au nilikaba kidogo zaidi ili anijue mimi ni nani?