Barua kwa Asafu



Wiki hii tusome Nehemia mlango wa pili, na tuusome kama watu waliosimama stejini mwezi wa Aprili wakingoja matatu ambayo haiji.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba. Tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani ni kama miezi minne. Mahubiri mengi huishia hapo, kwenye maombi. Mimi hunivutia kilichofuata. Mfalme alipomuuliza anataka nini, mtumishi huyu wa Mungu alikuwa na majibu tayari. Alitaja muda atakaokuwa safarini. Akaomba barua za maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampe njia. Akaomba na barua ya Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apate miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Hata jina la mlinzi wa msitu alikuwa nalo! Jina kama hilo mtu halioti; huuliza.

Huku mashambani, ukitoka Eldoret kwenda Moiben, Ziwa au Kesses, mvua ikishika matatu nyingi huishia penye lami. Probox moja ya mtu jasiri itaingia kwa nauli maradufu, mpaka siku inapozama kwenye tope penye kalvati lililoziba. Baada ya hapo ni boda boda tu. Mitungi ya maziwa hufungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na mama mwenye uchungu huketishwa katikati, dereva mbele, shemeji nyuma akimshika asianguke, safari ya Hospitali ya Rufaa ya Moi. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, tukashangilia, na tulikuwa na haki. Jiji hilo linakunywa chai kwa maziwa yanayopita kwenye tope hili.

Barabara hizi tunaziombea kila Jumapili. Kuziandikia barua ndiko tunakosita. Tumezoea kuona harambee ni ya kanisa, na kuomba fedha za serikali ni kazi ya wanasiasa. Lakini kila lita ya petroli inayouzwa nchini ina shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18 hadi Julai 2024. Kwa hiyo kijana wa boda anayetoa mia moja kwenye harambee ya kumwaga kifusi anailipia barabara ileile mara ya pili. Akiandika kudai sehemu yake, hajawa ombaomba.

Msomaji wa Biblia atanikumbusha Ezra, aliyeona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani. Ni kweli. Nehemia naye alisafiri na maakida wa jeshi na wapanda farasi, na Maandiko hayamkemei hata mmoja wao. Ila haya ya Ezra ilitokana na ushuhuda alioutoa mbele ya mfalme. Yetu, nionavyo, ni kuogopa kuambiwa tumeegemea upande fulani.

Tazameni pia kwamba Nehemia hakuandika barua moja ya watu wote. Maliwali walikuwa na yao, Asafu na yake. Kwetu kuna barabara zilizo chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na kuna za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti barabara zake pamoja na uchukuzi wa umma wa barabarani. Ombi likienda ofisi isiyohusika litalala huko. Magavana na wabunge wenyewe wamepelekana mahakamani kwa shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyohiyo. Sisi tusipojua barabara yetu ni ya nani, nani atatujulisha?

Halafu kuna majira. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sisi hupandwa na hasira Mei, matope yakiwa magotini, wakati fedha zimekwisha kugawanywa kwenye karatasi. Kikao cha ushirikishaji wa umma kikiitishwa kiangazi, ukumbi huwa na viti vitupu na wazee wachache waliofuata soda.

Na kiongozi atakayeahidi barabara kutoka madhabahuni baada ya kutoa bahasha, tumshukuru, kisha tumuulize imeandikwa ukurasa gani wa bajeti.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza na hotuba. Alitoka usiku na watu wachache, akazikagua kuta mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakupata pa kupita. Vijana wetu wa boda wanapajua mahali kama hapo, na Jumamosi watatupitisha. Tutapima kilomita, tutahesabu makalvati yaliyoziba, tutapiga picha. Wazee wa kituo cha maziwa, tafadhali njooni na daftari la miezi ya mvua, lenye lita zilizoharibika zikingoja gari. Walimu wakuu, tupeni idadi ya watoto wanaovuka mto. Barua ya kaunti na ya KeRRA zitaandikwa mbalimbali, na majina ya watakaotia sahihi yaanze na ya akina mama.