Siendi Tena

Jana kwenye matatu ya kutoka Mtwapa, kijana aliyeketi kando yangu alibadilisha wimbo mara sita kabla hatujafika Kikambala. Kidole hakikumpa mwimbaji hata ubeti mmoja. Nikamkumbuka Fundi Konde, mwana wa pwani hii aliyezaliwa 1924, miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme. Naupenda mno wimbo wake “Majengo Siendi Tena”. Jina lenyewe lina ujasiri: kule mtaani wanakokimbilia watu, mimi nimekoma. Na gitaa halina haraka, sauti haigombi na mtu. Miaka mingi baadaye, wanabendi wa Them Mushrooms walimfuata, wakapiga naye. Leo ukishainjika chai, na mahamri yangali moto, usikilize mpaka mwisho.