Mtindo ni wa Bondia, Taulo ni la Kocha

Bondia anapopanda ulingoni, watazamaji husema ana mtindo wake. Mmoja hurudi nyuma huku akimvuta mpinzani, mwingine husonga mbele bila kupumzika, wa tatu huzunguka mpaka mwenzake achoke. Lakini ukimfuata bondia huyo mazoezini utakuta kwamba karibu kila alicho nacho alipewa na mtu mwingine: mahali pa kuweka mguu wa mbele, urefu wa kuinua mikono, namna ya kuinamisha kidevu, hata wakati wa kutoa pumzi. Basi mtindo huo ni wa nani? Na huyo aliyempa alikuwa na haki gani ya kumpa, ilhali ngumi zitakazotokana nao hazitampata yeye?

Katika insha hii ninatetea msimamo mmoja wenye pande mbili. Kocha ana haki ya kuunda mtindo wa bondia, lakini katika namna ya kupigana neno la mwisho linapaswa kuwa la bondia. Katika suala la kuendelea au kuacha, wakati uhai umo hatarini, neno la mwisho linapaswa kuwa la kocha. Pande hizi mbili zinaonekana kupingana. Nitajaribu kuonyesha kwamba zinatoka kwenye chanzo kimoja.

Wanaotetea mamlaka kamili ya kocha wana methali tayari: samaki mkunje angali mbichi. Katika ndondi methali hii ina ukweli mkubwa, kwa sababu mwili hujifunza kwa kurudia. Aristotle alikwisha kusema kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Vivyo hivyo, mtoto anayerudia hatua ileile jioni baada ya jioni hufika siku ambapo haifikirii tena. Hatua hiyo imekuwa sehemu yake. Ndiyo maana makocha hupenda kuanza na watoto wadogo, kabla mwili haujazoea makosa.

Hata hivyo, methali hii ina jambo ambalo hatulizungumzii sana. Samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Haulizwi anataka kukunjwa upande gani, wala hatakuja kuishi na mkunjo huo. Mtoto anayefundishwa ndondi yu hai, anaona, na siku moja atakuwa mtu mzima anayeubeba mwili ule uliokunjwa na mwingine. Tukimfananisha na samaki kikamilifu, tunamwondolea jambo lile linalofanya kumfundisha kuwe na maana.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa, mfano wa mkono wa kushoto. Kwa kawaida bondia mwenye nguvu za mkono wa kulia hutanguliza mguu na mkono wa kushoto, kisha huweka mkono wenye nguvu nyuma. Wa kushoto hufanya kinyume. Katika uwanja mmoja wa mazoezi hapa Buyenzi nilimwona kijana wa miaka kama 13, wa mkono wa kushoto, akigeuzwa asimame kama wenzake wa kulia. Nilimwuliza kocha sababu. "Mdogo wangu," alinijibu, "hapa nina vijana wengi na wote wanasimama hivi. Huyu nikimwacha na kushoto kwake, nani atafanya naye mazoezi?" Kisha nikamwuliza kijana kama anapenda kugeuzwa. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu ndiye anajua."

Sisemi kwamba kocha yule alikosea. Oscar De La Hoya, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992, ni mtu wa mkono wa kushoto aliyepigana akisimama kama wa kulia. Miguel Cotto wa Puerto Rico naye ni hivyo hivyo. Wote wawili walipata faida kwa kuwa mkono wao wenye nguvu ulikuwa mbele, karibu na mpinzani. Kugeuzwa peke yake si dhuluma. Kilichonifikirisha zaidi ni jibu la kijana. "Mwalimu ndiye anajua" si kukubali, wala si kukataa. Ni jibu la mtu ambaye swali bado halijamfikia. Na sababu ya kocha, ingawa ilikuwa ya kweli, ilihusu zaidi hali ya uwanja wake kuliko mwili wa kijana.

Kuna kocha mwingine ambaye sababu zake zilianza kwenye mwili wa bondia. Cus D'Amato wa New York alimchukua Mike Tyson akiwa kijana mdogo aliyetoka katika shule ya watoto wakorofi, akawa mlezi wake kisheria. Tyson alikuwa mfupi kati ya mabondia wa uzito wa juu. D'Amato akampa mtindo unaomfaa mtu mfupi: mikono juu karibu na mashavu, kichwa kisichotulia, kuingia chini ya ngumi za mrefu na kumpiga kwa karibu. Ni mtindo uleule aliokuwa amempa Floyd Patterson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1956 akiwa na miaka 21. Tyson alivunja rekodi hiyo Novemba 1986, akiwa na miaka 20. D'Amato hakuiona siku hiyo, kwani alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Kazi ikaendelezwa na Kevin Rooney, naye mwanafunzi wa D'Amato. Mwaka 1988 Tyson aliachana naye. Polepole kile kichwa kisichotulia kikaanza kutulia, akawa anatafuta ngumi moja ya kumaliza kazi. Februari 1990, mjini Tokyo, James "Buster" Douglas alimwangusha katika raundi ya 10. Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi, na maisha yake nje ya ulingo yalikuwa mojawapo. Lakini kwa swali letu kuna funzo. Mtindo ule ulikuwa mzuri kupindukia, uliufaa mwili wake, ulimpa utajiri na heshima. Hata hivyo ulihitaji mtu wa kuusimamia kila siku. Walimu walipoondoka, nao ukaanza kuondoka. Mtindo unaoishi kwa pumzi ya mwalimu bado haujawa wa mwanafunzi, ameazimwa.

Sasa tutazame mfano wa upande wa pili, uliotokea kwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, wakati ikiitwa Zaire. Muhammad Ali alipoanza ndondi za kulipwa mwaka 1960 alipelekwa kwanza kwa Archie Moore, bingwa mkongwe aliyetaka kumbadilisha. Ali hakukaa. Akaenda kwa Angelo Dundee. Ali alikuwa na tabia zilizowachukiza makocha wengi: alishusha mikono, na badala ya kuinama chini ya ngumi alivuta kichwa nyuma. Dundee aliziacha. Alipotaka Ali ajifunze jambo, alimsifu kana kwamba tayari analifanya, na Ali akaanza kulifanya kwa kuamini kwamba ni lake.

Tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, Ali mwenye miaka 32 alikutana na George Foreman mwenye miaka 25, mtu aliyekuwa akiwaangusha wapinzani katika raundi za mwanzo. Watu walitarajia Ali azunguke ulingo mzima. Badala yake aliegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige. Dundee alimpigia kelele kutoka kwenye kona atoke kwenye kamba. Ali hakutoka. Foreman alichoka, na katika raundi ya 8 akaangushwa.

Watu husimulia usiku ule kama ushindi wa Ali dhidi ya Foreman. Mimi nauona pia kama ushindi wa malezi ya Dundee, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akipinga kilichokuwa kikifanyika. Alikuwa amemlea mtu anayeweza kumwambia hapana. Kocha aliyezoea kutiiwa tu angekuwa na bondia ambaye, akisikia "toka kwenye kamba", angetoka. Kwa Kirundi kulea ni kurera, neno ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa. Na katika lugha zote mbili, mtoto aliyelelewa vizuri hatumfikirii kuwa yule asiyeweza kusimama mlezi akiwa hayupo.

Hapa msomaji makini atanizuia. Kama bondia ana haki ya kumkatalia kocha, kwa nini asiwe na haki hiyo hadi mwisho? Akisema "niache niendelee", kocha ni nani hata arushe taulo?

Jibu langu linaanzia Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Ali na Joe Frazier walikuwa wamepigana raundi 14 katika joto kali. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, hazioni vizuri ngumi zinazomjia. Ilibaki raundi moja. Frazier alitaka kuendelea. Kocha wake, Eddie Futch, alikataa, akasimamisha pambano. Frazier alishindwa akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Je, Futch alimnyang'anya Frazier uhuru ambao Dundee alimpa Ali? Nadhani hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: mtindo mbaya unaweza kurekebishwa wiki ijayo, lakini ubongo ulioumia haurekebishwi. Robert Wangila wa Kenya, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya kichwa baada ya pambano mjini Las Vegas. Mtu aliyekufa hana nafasi ya kubadili msimamo.

Sababu ya pili ndiyo ninayoiona kuwa nzito zaidi. Frazier aliposema anataka kuendelea, ni nani aliyekuwa akisema? Ule moyo wa kutokubali kushindwa ulikuwa umekuzwa kwa miaka mazoezini. Kocha humfundisha bondia kupuuza maumivu, kusimama anapoanguka, kuona aibu kuacha. Hilo nalo ni sehemu ya mtindo, pengine sehemu yenye nguvu kuliko zote. Basi kocha anayesema "yeye mwenyewe alitaka kuendelea" anajificha nyuma ya kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Ameufundisha mdomo neno moja tu, kisha anadai kwamba mdomo umechagua neno hilo. Aliyejenga mlango usiofunguka kwa ndani ana wajibu wa kukaa nje na ufunguo.

Hapo ndipo chanzo kimoja cha pande zile mbili kinapoonekana. Kocha huweka mkono wake ndani ya mtu mwingine, naye haumii. Kwa sababu haumii, anapaswa kumwachia bondia uwezo wa kukataa mafunzo yake. Na kwa sababu yaleyale mafunzo yanaweza kumfanya bondia ashindwe kukataa kifo, kocha anapaswa kukataa kwa niaba yake. Ali mwenyewe alihitaji yote mawili. Uhuru wa Kinshasa haukuwa wa bure. Miaka iliyofuata alipokea ngumi nyingi mno. Oktoba 1980, alipokuwa akipigwa na Larry Holmes bila kujibu, Dundee yuleyule aliyezoea kumwachia ndiye aliyelimaliza pambano baada ya raundi ya 10. Mwaka 1984 ikajulikana kwamba Ali ana ugonjwa wa Parkinson. Taulo lilikuja, lakini lilikuja likiwa limechelewa kwa mapambano kadhaa.

Kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ajishughulishe na haya? Kwa sababu wengi wetu tutakuwa walimu, na kabla ya hapo sisi wenyewe tunakunjwa. Nilikuja chuoni na Kiswahili cha Buyenzi, chenye Kirundi na Kifaransa ndani yake, na walimu wakaninyoosha kuelekea Kiswahili sanifu. Ninawashukuru, bila wao nisingeandika insha hii. Lakini nikiwa darasani siku moja na kalamu nyekundu mkononi, nitakuwa katika nafasi ya yule kocha mbele ya kijana wa kushoto. Nitahitaji kujua kama ninamsahihisha mwanafunzi kwa sababu inayomhusu yeye, au kwa sababu darasa zima linasimama hivi na ni rahisi kwangu. Na nitahitaji kumweleza sababu hiyo kwa maneno anayoweza kuyapinga.

Siku hizi Burundi ina mabondia wanaofika mbali. Ornella Havyarimana aliiwakilisha nchi katika ndondi kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Watoto watakaomfuata watapita mikononi mwa makocha wenye uwanja mdogo, glavu chache na vijana wengi. Siwezi kuwadai makocha hao wawe na vifaa wasivyo navyo. Lakini mambo mawili hayahitaji fedha. La kwanza ni kumwambia mtoto kwa nini anageuzwa, na kumsikiliza akisema kwamba mwili wake unakataa. La pili ni kuketi kwenye kona na taulo begani, na kuwa tayari kuchukiwa na bondia usiku ule ili apate nafasi ya kuja kukulaumu kesho.